Gitaa Lililokoroma Mpaka Ibadani

Katika makanisa ya vijijini Kibaha na Kisarawe, mkwaruzo wa gitaa huanza kama ubovu. Karatasi ya spika imechanika pembeni, amplifaya imefunguliwa mpaka mwisho kwa kuwa mkutano uko uwanjani, na gitaa la solo lililotarajiwa kulia kama kengele linatoka likikoroma. Mwalimu wa kwaya anakunja uso, mpiga solo anapunguza sauti. Ibada ikiisha watu wanaambiana, "Leo vyombo vimetusumbua."

Wakati huohuo mjini kuna kisanduku cha chuma, kidogo kuliko kopo la maziwa, ambacho kazi yake ni moja tu: kulichukua gitaa zima na kulifanya lisikike kama lile bovu. Wapigaji wanakiita fazi. Kinakaa sakafuni, kinakanyagwa kwa mguu, na siku hizi kinakanyagwa hata kwenye ibada za sifa na kuabudu. Mtu wa Dutumi, kata ya Kibaha inayotazamana na Kisarawe, ana haki ya kuuliza imekuwaje ubovu wake uuzwe dukani. Jibu lake ni refu, na linaanza zamani kabla ya umeme.

Utando wa buibui

Chukua ilimba ya Wagogo uitazame kwa karibu. Ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwenye ubao kuna tundu, na juu ya tundu hilo fundi amebandika utando mwembamba unaotokana na kifuko cha mayai ya buibui. Sauti ikivuma tumboni mwa sanduku, utando nao unatikisika, na noti iliyokuwa safi inatoka na mvumo juu yake, kama nyuki aliyenaswa kwenye kibuyu. Fundi hakufanya hivyo kwa bahati mbaya. Utando ukichanika anatafuta mwingine, maana ilimba isiyovuma haijakamilika.

Hukwe Zawose, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2003, aliichukua sauti hiyo kutoka Ugogo akaishi nayo Bagamoyo, humuhumu mkoani Pwani, akaipeleka hadi majukwaa ya Ulaya. Wasikilizaji wa huko waliozoea piano huenda walidhani kwanza kuna waya umelegea mahali.

Uzaramo nako hakukuwa na woga wa kelele yenye kutu. Ngoma za mdundiko na za kuwatoa wali hazikutafuta sauti ya kioo. Zilitaka njuga, vigelegele na ngozi iliyopashwa moto mpaka ikalia kwa ukali. Kwa hiyo mtu akisema mkwaruzo ni mgeni aliyeletwa na Wazungu kwa meli, mwambie akaisikilize ilimba kwanza. Kilichokuja kwa meli ni wazo kwamba sauti ya ibada iwe safi.

1892 hadi 1960: sauti inaoshwa

Wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifungua kituo Kisarawe mwaka 1892, na kingine Maneromango mwaka 1895. Walikuta nchi ambayo Uislamu ulikuwa umeshaingia kutoka pwani, na Wakristo wakabaki wachache mpaka leo. Walichoacha kwa wale wachache ni tenzi za Kijerumani zenye maneno ya Kiswahili, kinanda cha kupuliza kwa miguu, na baadaye kwaya ya sauti nne: soprano, alto, tena na besi.

Ngoma ilibaki nje ya mlango. Wamisionari wengi waliifungamanisha na unyago, jando, pombe na mizimu, na mtu aliyebatizwa alitakiwa aonekane ameiacha. Sitaki kuwaonea, kwa kuwa walikuwapo waliofikiri vingine, kama Askofu Vincent Lucas kule Masasi, aliyejaribu kuingiza jando ndani ya maisha ya Kanisa. Lakini kwa Mkristo wa kawaida somo lilikuwa wazi: utakatifu una sauti yake, na sauti hiyo haikwaruzi. Hata chombo chenye kelele kilichokubaliwa, tarumbeta za Walutheri ambazo leo zinasindikiza maarusi barabarani Dar es Salaam, kilikubaliwa kwa kuwa kilitoka kwa Wajerumani wenyewe.

Kwaya zikajifunza kwa nota za solfa, d r m, kwa nidhamu ambayo mpaka sasa ni fahari yetu. Ukitaka kuelewa kwa nini fazi ilichelewa kuingia kanisani, usitafute kwanza mahubiri dhidi yake. Tafuta hapa, kwenye masikio yaliyofundishwa kwa vizazi vitatu kuhukumu kila noti inayochepuka.

1960 hadi 1966: kosa la Nashville

Mbali sana, kwenye mji wa Nashville, Marekani, mwishoni mwa mwaka 1960, mwimbaji Marty Robbins alikuwa studio akirekodi wimbo wa mapenzi, "Don't Worry". Mpiga gitaa Grady Martin alipofika zamu yake, njia moja ya mtambo wa kuchanganyia sauti ilikuwa imeharibika. Gitaa lake la besi la nyuzi sita likatoka likinguruma kama pikipiki yenye ekzosi mbovu. Badala ya kurudia, waliiacha. Wimbo ukapendwa mwaka 1961.

Fundi mitambo Glenn Snoddy akaona kuna biashara. Mtambo mbovu ulipokata roho kabisa, alikaa na mwenzake wakaunda sakiti ndogo ya transista inayoiga ule ubovu, na kampuni ya Gibson ikaanza kuiuza mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Ilitumia betri mbili za tochi. Mwanzoni kisanduku hicho kilikaa rafuni, mpaka mwaka 1965 kundi la Rolling Stones la Uingereza lilipokitumia kwenye "Satisfaction" na dunia nzima ikakitaka. Mwaka uliofuata London ikatoa cha kwake, Fuzz Face, cha mviringo kama uso wenye tabasamu, ambacho Jimi Hendrix alikifanya maarufu.

Inafurahisha kwamba Nashville ni mji wa nyimbo za mahaba na wakati huohuo ni mji wa wachapaji wa vitabu vya Shule ya Jumapili. Na kabla fazi haijaundwa, Wapentekoste weusi wa Marekani walikuwa tayari wanasukuma amplifaya zao mpaka zinakwaruza. Sister Rosetta Tharpe alimsifu Mungu kwa gitaa la umeme lenye makali ambayo vijana wa Uingereza walikuja kuyaiga wakidhani ni ya baa tu. Makanisa ya House of God yalikuwa yanatumia gitaa la chuma la kulaza, lililounganishwa na umeme, tangu miaka ya 1930. Kwao hapakuwa na mjadala: gitaa linalolia kama mtu anayelia lilikuwa linafanya kazi yake.

Fazi yenyewe inafanya nini? Uzi wa gitaa ukipigwa unatoa wimbi la umeme lenye mgongo wa mviringo, kama vilima vya Pugu ukiviona kwa mbali. Transista inalikuza wimbi hilo kupita uwezo wa betri. Pale linapotaka kupanda zaidi, nguvu imekwisha, kwa hiyo kilele kinakatwa tambarare kama kwa panga. Kule kukatwa ndiko kunakozaa sauti nyingine nyingi juu ya noti moja, na sikio linazisikia kama mngurumo. Ukipiga uzi mmoja unapata simba. Ukipiga kodi nzima ya nyuzi sita, zile sauti za juu zinagongana zenyewe kwa zenyewe na unapata tope.

1965 hadi 1979: wapigaji wa baa

Hilo tope ndilo lililoamua mambo huku kwetu.

Mzenga, Kisarawe, alizaliwa mtoto mwaka 1944 aliyekuja kuwa mpiga solo mkubwa kuliko wote: Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Alijiunga na Morogoro Jazz mwaka 1965, akaanzisha Super Volcano mwaka 1973, akafa kwa ajali ya gari Kenya, Januari 1979. Sikiliza gitaa lake: kila noti imesimama peke yake, imenyooka, inang'aa. Muziki wa dansi wa Tanzania ulijengwa hivyo. Solo, gitaa la pili, ridhim na besi zinajibizana, kila moja ikijaza nafasi iliyoachwa na mwenzake. Mpe mmoja wao fazi na mazungumzo yamekwisha, kwa kuwa mmoja anapiga kelele na wengine hawasikiki. Bendi hazikuwa na haja ya katazo lolote kuikataa.

Ambao walikuwa na njaa ya mngurumo walikuwa vijana wa mjini waliosikiliza soul na roki. Hao serikali haikuwafurahia. Novemba 1969 uongozi wa mkoa wa Pwani, ambao wakati huo ulibeba na Dar es Salaam, ulipiga marufuku muziki wa soul kwenye kumbi, mwaka uleule wa Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi. Hata hivyo kundi la Sunburst, lililozaliwa Dar es Salaam mwaka 1970 likiwa na wanamuziki wa nchi kadhaa, liliendelea kuchanganya Kiswahili, ngoma na gitaa lenye makali. Albamu yao ilirekodiwa Lusaka na kutoka mwaka 1976, ikiitwa "Ave Africa". Neno la kwanza la jina hilo kila Mkatoliki analijua kutoka kwenye "Ave Maria".

Kwamba walikwenda Zambia si ajabu. Kule bendi za WITCH na Amanaz, na mpiga gitaa Paul Ngozi, walikuwa wameifanya fazi kuwa lugha ya taifa jipya. Zambia ilikuwa na fedha ya shaba. Tanzania vyombo vilikuwa mali ya mashirika: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo, na majeshi yalikuwa na bendi zao. Fedha za kigeni zilipokuwa adimu, hakuna meneja aliyeweza kuandika kwenye maombi ya vifaa "kisanduku cha kuharibu sauti".

Kanisa je? Kanisa lilikuwa na ruhusa bila vyombo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati yake ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963. Kinanda cha mabomba kilibaki na heshima ya juu, lakini ala nyingine zilifunguliwa mlango ilimradi zifae au ziweze kufanywa zifae kwa matumizi matakatifu. Mwaka huohuo Padri Stephen Mbunga wa kusini mwa Tanganyika alitoa kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Upande wa Walutheri, Howard Olson wa Makumira alikusanya nyimbo zenye melodia za Kiafrika, na "Njoo Kwetu, Roho Mwema" ya Wilson Niwagila ikaimbwa mpaka ng'ambo. Ngoma zikaingia madhabahuni, kayamba nazo. Gitaa la umeme lilisubiri, kwa sababu jirani yake wa karibu alikuwa kaunta ya bia.

Hapo ndipo naona kiini cha habari yote. Makanisa yetu hayakuwahi kukaa kikao cha kujadili wimbi lililokatwa kilele. Yaliuliza jambo la kibinadamu zaidi: chombo hiki jana usiku kilikuwa wapi?

1980 hadi 2000: vyombo vinapata wokovu

Miaka ya 1980 ilibadili mambo kwa njia mbili zisizohusiana. Kwanza mikutano ya injili ya viwanjani. Wahubiri kama Moses Kulola walihitaji sauti ifike mbali, na kwaya inayotangulia mhubiri haiwezi kushindana na soko kwa vifua vitupu. Pili, uchumi ulifunguliwa kuanzia mwaka 1984, na mtu aliyekuwa na ndugu ng'ambo au mfadhili parokiani aliweza kuingiza amplifaya bila kuomba kibali cha mbinguni.

Ndipo zikaja kwaya za vyombo. Ulyankulu Barabara ya 13, kwaya ya wakimbizi wa Burundi waliowekwa makazi Tabora baada ya mauaji ya mwaka 1972, ilisikika kwenye kaseti nchi nzima. AIC Makongoro ya Mwanza ikafuata njia hiyo, na Dar es Salaam Uinjilisti Kijitonyama na AIC Chang'ombe wakawa majina ya nyumbani. Mwaka 1994 redio na televisheni binafsi zilipoanza, Radio One, Radio Tumaini na ITV, gitaa la kwaya likaingia sebuleni. Wasabato wao walishika msimamo: kwaya zao nyingi, kama ya Kurasini, ziliendelea kuthibitisha kwamba koo za watu zinatosha.

Lakini gitaa lililoingia kanisani lilikuwa la nani? Lilikuwa la Mbaraka na la Kinshasa. Solo safi yenye mwangwi kidogo, ikipanda sebene mwishoni mwa wimbo wakati kina mama wanapunga vitambaa. Dansi iliokoka na sauti yake ikiwa imefuliwa na kupigwa pasi. Cosmas Chidumule alitoka Mlimani Park akaja kuimba injili, na mwenye macho yaliyofumbwa angehitaji kusikiliza maneno ili ajue amehama.

Mkwaruzo wenyewe ulikuwa unaishi mtaa wa pili. Vijana wa uswahilini Dar es Salaam waliichukua ngoma ya Kizaramo, wakaongeza kinanda kidogo cha Casio cha kuchezea watoto, wakakipitisha kwenye amplifaya chakavu na spika za koni zile zile za minara ya misikiti. Sauti ikatoka imechanika vibaya, na wakaipenda hivyohivyo. Wakaiita mchiriku. Jagwa Music waliitoa nje ya nchi mwaka 2012 na albamu ya "Bongo Hotheads", na wapenzi wa muziki huko Ulaya wakaandika kwa msisimko juu ya makali yale kana kwamba yamevumbuliwa jana. Kwangu mimi mchiriku ndiyo fazi ya kweli ya Uzaramo. Haikununuliwa kisandukuni. Iliokotwa jalalani, na ina undugu zaidi na ilimba kuliko na Nashville. Kanisani hata hivyo haikukaribishwa, kwa sababu ileile ya kaunta ya bia.

2001 hadi leo: kanyagio chini ya madhabahu

Remmy Ongala, mtoto wa Kindu aliyeingia Dar es Salaam mwaka 1978, aliumbwa na gitaa la dansi na akaliumba. Wimbo wake wa kuhamasisha kondomu, "Mambo kwa Soksi", redio ya taifa iliukwepa. Alipougua kiharusi mwaka 2001 maisha yakageuka. Aliokoka na kuanza kuimba injili mpaka kifo chake nyumbani Sinza, tarehe 13 Desemba 2010. Mtu yule yule, na vidole vilevile. Baada ya Remmy ilikuwa vigumu kumwambia kijana wa kwaya kwamba gitaa lina dini ya kuzaliwa.

Kisha likaja wimbi la sifa na kuabudu. Makanisa ya mjini yalianza kutazama Hillsong ya Australia kwenye kompyuta, na John Lisu, Joel Lwaga na Paul Clement wakaimba nyimbo ndefu za taratibu, ambazo hazina nafasi ya sebene. Humo gitaa limepewa kazi mpya. Halizungumzi tena na magitaa mengine. Linatandika mkeka wa sauti chini ya sala. Hapo fazi inafaa ajabu, kwa kuwa noti moja iliyokatwa kilele haifi haraka. Inabaki ikining'inia hata sekunde kumi, na ukiipunguza makali kwa kitufe cha sauti cha gitaa lenyewe inakuwa kama mtu anayenong'ona kwa koo lililokauka. Ukiongeza mwangwi, unapata kitu kinachokaribia kinanda cha miguu cha Wajerumani wa Kisarawe. Mzunguko huo unanichekesha.

Inapoharibu ni pale kijana anapoikanyaga wakati kwaya inaimba sauti nne. Alto inashika mi, gitaa linashika mi na sol pamoja, na mkwaruzo unazalisha noti ya tatu ambayo haipo kwenye karatasi ya solfa ya mwalimu. Mzee wa kanisa hatasema kuna mgongano wa mawimbi. Atasema gitaa lina pepo. Tofauti yao ni ya msamiati zaidi kuliko watu wanavyodhani, na dawa ni ileile: piga uzi mmoja, na usubiri kwaya inyamaze.

Kuna pia habari ya joto. Fazi za zamani zilitumia transista za germanium, madini yanayovujisha umeme kadiri yanavyopata joto. Chumbani London, nyuzi 15, kisanduku kinaimba vizuri. Chini ya bati Kibaha, Februari saa saba mchana, kinaanza kukata noti katikati, kinakohoa, kisha kinazima. Za silikoni, zilizoenea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, zinavumilia zaidi. Anayetaka ile ya kale kwa sababu Hendrix alikuwa nayo aibebe na barafu.

Umeme wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umefika vijiji vingi vya Pwani tangu wakala huo uanze kazi mwaka 2007, lakini haujafika kila kanisa, na unapokatika jenereta ndiyo mkombozi. Cha kushangaza, katika vyombo vyote fazi ndiyo inayokula umeme kidogo kuliko vingine. Betri moja ya volti 9 inaiwasha miezi. Amplifaya ndiyo shida, na spika.

Wiki mbili kabla ya Pasaka nilipeleka spika moja kwa fundi barabarani. Karatasi ilikuwa imechanika kiasi cha kidole. Alikata kipande cha karatasi ngumu, akakipaka gundi, akakibandika upande wa nyuma, akapuliza. Kisha akaunganisha gitaa la kijana aliyekuwa amesimama na kulipiga uzi wa chini. Ulitoka safi. Yule kijana akasikiliza, akasikiliza tena, akauliza kama ingewezekana ule mpasuko ubaki kidogo.

Fundi alimtazama, akaniuliza mimi mwenye spika.